Njegere niliyoikata ncha imefumbua macho, niliyoipaka oksini bado imelala. Kwa nini?

Mpenda Miche: Wakuu, naomba kueleweshwa. Nina njegere kwenye makopo matatu. La kwanza sikuligusa. La pili nilikata ncha, siku chache tu macho ya kwenye makwapa ya majani yakatoa matawi. La tatu nilikata ncha nikapaka kidonda unga wa kuoteshea vipandikizi, ambao lebo inasema una oksini, homoni ya mimea. Kimya mpaka leo. Si ndiyo oksini hiyohiyo inayorefusha shina? Nikadhani nimechanganya makopo.

Kigogo: Hujachanganya. Wanasayansi wa mimea Thimann na Skoog walipaka oksini kwenye shina lililokatwa ncha mwaka 1933, macho yakalala vilevile. Tatizo unaichukulia homoni kama mbolea. Homoni ni ujumbe, na kila seli inausoma kivyake.

Jembe Butu: Mimi nakata tu, matawi yanakuja 😂

Mpenda Miche: Kwa hiyo oksini inaingia kwenye jicho na kulifunga?

Bi Maabara: Hapana mkuu, na hapo ndipo penye utamu. Oksini inayoteremka kutoka nchani haiingii kwenye jicho lenyewe. Ikipita kwenye shina inapunguza saitokinini, homoni ambayo ndiyo mwamshaji, na inaongeza strigolaktoni, homoni ambayo inalilaza jicho. Halafu kuna sukari. Ncha ni mlafi. Ukiiondoa, kwenye njegere sukari inayafikia macho ya chini hata kabla oksini haijapungua huko.

Ndani ya seli nako kuna mchezo. Kuna protini zinazokalia jeni zisifanye kazi. Oksini inakaa kama gundi kati ya protini hizo na TIR1, iliyotambuliwa mwaka 2005 kuwa kipokezi cha oksini. Zikishanaswa zinatiwa alama na kusagwa, jeni zinaachiwa. Yaani hata pale inapokuza, inakuza kwa kumwondoa mlinzi mlangoni.

Kigogo: Ila jaribio lako lina tundu. Utajuaje si unga tu ulioziba kidonda? Ongeza kopo la nne: kata ncha, paka poda tupu isiyo na homoni. Na usitegemee mche mmojammoja, weka hata mitano kila kopo.

Mpenda Miche: Duh, hilo la poda tupu sikuliwaza kabisa. Nasia mbegu leo jioni. Safari hii makopo nayaandika namba kwa wino.