Duka linataka magauni 30 kwa mali kauli: bei na saizi nipangeje?

PindoSafi:
Habari zenu wadau. Nashona magauni ya oda, kila mteja na vipimo vyake. Sasa kuna duka linataka magauni 30 kwa mali kauli, yaani nalipwa gauni likishauzwa. Ni ya mtindo mmoja, kitambaa cha pamba, saizi nne. Litachukua asilimia 40 ya bei ya kila gauni litakalouzwa. Bei yangu huwa ni kitambaa, uzi na zipu, nazidisha mara mbili. Hesabu hiyo itatosha? Na saizi nizigaweje?

MkasiNaRula:
Haitatosha, dada. Chukua vifaa vya gauni moja kuwa 100. Unauza 200, duka linakata 80, unabaki na 120. Toa vifaa, imebaki 20, na hiyo 20 ndiyo ilipe mikono yako, umeme, sindano na usafiri.

Anza upya na saa. Shona gauni la majaribio mara tatu, kisha pima muda wa lile la tatu, maana la kwanza mkono bado unatafuta njia. Hesabu kila kitu: kukata, pasi ya kila mshono, kutoboa vishimo vya vifungo, kunyofoa nyuzi. Pasi ndiyo wengi wanaisahau, na inakula muda kweli.

Tuseme ufundi umefika 60 na gharama ndogondogo 20. Jumla 180. Kwa kuwa mkononi inakufikia asilimia 60 tu, gawa 180 kwa 0.6, unapata 300. Hapo umerudisha gharama tu, hujapata faida. Ukitaka faida ya 36 kwa gauni, gawa 216 kwa 0.6: bei ya dukani ni 360. Kama kwa macho ya mnunuzi gauni halifikii bei hiyo, punguza kazi kwenye mtindo (ondoa bitana, weka vifungo vitatu badala ya nane). Usipunguze malipo yako. Na wateja wako wa nyumbani wauzie bei ileile ya dukani, la sivyo duka litalalamika, na litakuwa na haki.

UziMweupe:
Mimi naongezea ya kitambaa, maana pamba inarudi. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifue, kianike, kipige pasi kama mteja atakavyofanya, halafu pima urefu na upana. Kikiwa 48 kwa urefu, kimerudi asilimia 4: gauni la sentimita 110 litapungua sentimita 4 na nusu hivi. Fua kitambaa chote kabla ya kukata.

Nunua cha magauni yote 30 kwa mara moja. Majora mawili ya rangi moja yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo utaiona mkono ukishaungwa kifuani. Vipande vya gauni moja vitoke jora moja. Ukikata kwa mkasi wa mkono usirundike tabaka zaidi ya nne. La chini huteleza na mikono inatoka haifanani.

KolaImara:
Saizi: ndogo 6, ya kati 10, kubwa 9, kubwa zaidi 5. Kama duka lina rekodi za mauzo, fuata rekodi zao. Kifua ongeza sentimita 4 kila saizi, lakini shingo na mabega usivikuze kwa kiasi hicho. Ukitanua pateni nzima sawasawa, saizi kubwa itaanguka mabegani.

Kuhusu mali kauli, andikianeni: idadi kwa saizi, tarehe ya kuhesabu na kulipa, na nani anabeba hasara gauni likichafuka kwa vipodozi au zipu ikikatika wakati wa kujaribiwa. Kila gauni lipe namba.

PindoSafi:
Asanteni sana. Naweza kupeleka machache kwanza?

KolaImara:
Ndiyo, tena ni bora. Peleka 12: ndogo 2, ya kati 4, kubwa 4, kubwa zaidi 2. Kitambaa kilichobaki, ambacho kishafuliwa, usikikate bado: kizungushe kwenye bomba la karatasi, usikikunje. Baada ya wiki nne hesabuni pamoja, ukate saizi zilizoisha.

MkasiNaRula:
Na awamu ya pili ya magauni ipelekwe baada ya kulipwa ya kwanza. Hilo nalo liandikwe.