Bledi ya meno mangapi inafaa kupasua mninga? Naomba ushauri wakuu

Kijana wa Mbagala: Wakuu habari za jioni. Nina kitanda cha 5 kwa 6, mbao za mninga, mteja anakichukua Jumamosi. Dukani kuna bledi za meno 24, 40 na 60. Ipi haichomi mbao? Yangu inaacha weusi ukingoni na moshi mkali.

Mzee Randa: Kupasua kufuata nyuzi, chukua 24, mianya yake mipana inatoa vumbi upesi. Kukata kukingamisha nyuzi, 40 hadi 60. Ila vijana mnakimbilia mashine hata kunoa msumeno wa mkono kwa tupa hamjui. Mimi nilinoa mwaka mzima kabla sijagusa mbao ya mteja.

Dada Bomba: Mwenzenu niliwahi kukata bomba la chuma lenye ukuta mwembamba kwa heksoo (msumeno wa chuma) ya meno 18 kwa inchi, meno yakang'oka kama ya mtoto. Bomba la ukuta mwembamba linataka 32. Walau meno matatu yawe ndani ya chuma kwa wakati mmoja, na yatazame mbele.

Mpasuaji: Mleta mada, unatumia mashine gani?

Kijana wa Mbagala: Ya umeme, ya kawaida tu.

Mpasuaji: Ya kawaida ndiyo ipi? Soma kibati chake utuandikie.

Kijana wa Mbagala: Grinda ya inchi 4 na nusu. Mizunguko 11,000 kwa dakika. Bledi ni ya inchi 7, kwa hiyo kifuniko nilikitoa. Lakini nimeshapasua mbao sita salama! Kianzio cha mteja nimelipia ada ya mtoto, hela ya mashine nyingine sina.

Mama Wawili: Mungu wangu. Ada utailipa kwa mkono mmoja?

Mtaka Picha: Hii chai. Tundu la bledi ya inchi 7 haliendani na ekseli ya grinda ndogo. Katunga huyu, msipoteze bando.

Dada Bomba: Kweli, tuwekee picha.

Kijana wa Mbagala: Situngi, ndugu zangu. Jirani mchomeleaji amenichongea bushi, pete ya kujazia tundu. Inacheza kidogo tu, ukingo unapepea mpaka ishike kasi.

Mzee Randa: Bledi imeandikwa mizunguko mingapi?

Kijana wa Mbagala: Mwisho 7,000.

Mpasuaji: Na wewe unaizungusha 11,000, bila kifuniko, kwenye bushi inayocheza. Diski ya kukatia chuma haina meno, ndiyo maana umeizoea grinda. Bledi ya meno ikibanwa na mninga, mashine nzima inakurukia. Binamu yangu ilimpata pajani. Tulimfunga kwa khanga ya mkewe, ikalowa kabla hatujafika barabarani. Peleka mbao kwenye mashine ya kupasulia, umwombe mwenyewe umlipe Jumamosi.

Mtaka Picha: Kama ni kweli, nisamehe mkuu. Zima hiyo kitu.

Kijana wa Mbagala: Nimeichomoa kwenye umeme. Lakini zimebaki mbao nne tu, na mbili ni fupi, za kichwani. Hizo fupi nisimalizie?

Mzee Randa: Usimalizie. Mbagala sehemu gani? Msumeno wangu wa kupasulia nimeunoa jana. Saa moja asubuhi nitakuwa kwako.