Mrejesho: Ile risala ya mahafali ya kidato cha nne

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mwezi uliopita niliomba msaada hapa: nimechaguliwa kuandika risala ya wahitimu 2023, na sikutaka ile ya "tulianza tukiwa 80, tumebaki 61", halafu changamoto zinaorodheshwa mpaka mgeni rasmi anasinzia.

Nilimfuata dada aliyesema nigawe vikaratasi, kila mtu aandike jambo moja asilolisahau. Vilirudi 38, vitatu vya matusi nikavichana. Lakini karibu nusu walitaja kitu kilekile: Januari 2020 tuliripoti na ndoo, fagio na jembe, Machi shule zikafungwa kwa Korona, na tuliporudi 29 Juni tukakuta ndoo zetu zimepangwa getini za kunawia mikono, majina yetu bado ubavuni kwa rangi nyekundu. Nilipofika hapo ukumbi mzima ulilipuka, hata mkuu wa shule.

Kupima muda wa kusoma risala kwa simu, kama mlivyonishauri, kulisaidia nyumbani tu. Siku yenyewe kwaya ilivuta muda, MC akanionyesha saa, nikaruka ukurasa wa pili wote, na humo ndimo ilimokuwa shukrani kwa mama wa uji. Iliniuma. Kesho yake nilimfuata jikoni nikamsomea, akanimiminia kikombe bila kusema neno.

Ule utani niliouweka kuhusu mwalimu wa hesabu haukuchekesha mtu. Msiuweke kwenye risala zenu.

Asanteni sana. Narudi kwenye mitihani iliyopita, Novemba hiyo inakuja.