Nasi kandar ya Penang: mchuzi wa kuchanganya ni lazima? Na bei mtu anaijuaje kabla hajala?

mtoto_wa_Pangani

Assalaam aleykum wadau. Nina wiki ya tatu hapa Penang, Malaysia, nimekuja kusoma shahada ya pili. Kwetu Pangani nimekulia wali na samaki, kwa hiyo nilipoambiwa chakula kikuu cha mji huu ni nasi kandar, wali na mchuzi wa Waislamu wa Kitamili, moyo ulitulia.

Jumamosi nikaenda George Town, sehemu moja ya uchochoroni, jina naliacha. Foleni imetoka hadi barabarani. Zamu yangu ilipofika mpakuaji akatia wali, nikamwonyesha kwa kidole kuku wa kukaanga, bamia, na ngisi mmoja mnene aliyelazwa juu kabisa ya sinia. Akaniuliza neno, sikulielewa, nikaitikia kwa kichwa. Hapo akashika upawa: sufuria ya kwanza mchuzi wa kuku, ya pili wa samaki, ya tatu mweusi mzito, ya nne sikuwahi kuona ni wa nini. Wali wote ukazama. Nyumbani kwetu mchuzi wa samaki na wa nyama haukutanishwi sahani moja, mama hakubali kabisa.

Nilikula nikamaliza, na ladha ilikuwa nzuri kweli. Ila bili ilikuja ringgit 36, pesa ya huku. Mwenzangu wa chumbani alikula hapo hapo siku hiyo hiyo akalipa 12. Nilirudi bwenini nimenyong'onyea.

Naomba mnisaidie: nimepandishiwa bei kwa ugeni, au ndivyo ilivyo? Na nikitaka mchuzi kando nasemaje? Mama anakuja mwezi ujao, ana vidonda vya tumbo, pilipili kali haimfai, nami nataka nimpeleke akale vizuri.

Mpemba_wa_Butterworth

Waaleykum salaam mdogo wangu, karibu kisiwani. Unajua Pinang ni popoo? Pulau Pinang ni Kisiwa cha Popoo, hizi hizi tunazotia kwenye tambuu. Mimi huu mwaka wa saba niko huku, na nasi kandar naila si chini ya mara mbili kwa wiki.

Nianze na pesa, maana ndizo zilizokuumiza. Aliyekuponza ni yule ngisi. Kwenye nasi kandar wali, kuku na mboga ni bei ya kawaida. Ngisi wakubwa, kamba wakubwa, mayai ya samaki na kichwa cha samaki ndivyo vinavyopandisha hesabu, na aghalabu huuzwa kwa ukubwa wa kipande. Mtu anapita anaitazama sahani yako, anakadiria, anaandika karatasi. Kwa hiyo kabla kijiko hakijagusa kipande, onyesha useme "Ini berapa?", hiki bei gani. Sauti ya kawaida tu, hakuna anayechukia, Wamalaysia wenyewe wanauliza. Kama bei imebandikwa ukutani, isome ukiwa bado kwenye foleni. Siwezi kuapa kwamba hukuzidishiwa, lakini ngisi mkubwa peke yake anaweza kugharimu zaidi ya sahani nzima ya mwenzako.

Sasa mchuzi. Neno alilokuuliza bila shaka ni "campur?", ukilitamka "champur". Maana yake achanganye. Ukiitikia, umeruhusu. Wengine husema wenyewe "banjir", yaani mafuriko, na kweli wanataka wali uzame. Ukitaka kando sema "kuah asing", mchuzi mbali. Atakutilia kwenye kibakuli.

Lakini nakuomba usiuache mchanganyiko kwa kuwa ulikuja bila kuutaka. Kandar ni mzega, ule ule mti wa begani wenye mzigo huku na huku tuliokuwa tukiwaona nao wachota maji. Watamili Waislamu walitembea nao mitaa ya bandari, ncha moja wali, ncha ya pili michuzi, wakiwauzia wapagazi na makuli. Duka la Hameediyah la Lebuh Campbell linahesabu miaka yake tangu 1907. Watamili hao huitwa mamak, neno lililotoka kwenye Kitamili, mjomba. Kwa hiyo ukikaa pale unalishwa na wajomba.

Mtazame mpakuaji hodari siku moja. Hamwagi ovyo. Mchuzi wa samaki una ukwaju, anautia upande wa bamia. Ule mweusi una utamu wa sosi ya soya, anauzungushia nyama. Wa kuku ndio mzito, unakuja mwisho, upawa nusu, juu ya wali. Kisha anakandamiza kidogo kwa mgongo wa upawa ili uingie chini. Ukila kwa mkono, kila tonge lina ladha yake: hili lina ukali wa ukwaju, linalofuata lina mdalasini. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa naomba kando. Sasa nikipewa kando naumimina.

Bi_Likoni

Mwanangu, mimi nakujibu la mama tu.

Usimpeleke saa saba mchana, wala Ijumaa baada ya swala, atasimama kwenye foleni na jua la Penang na unyevu wake si la mtu mzima. Nenda saa nne asubuhi. Wenyeji wengi huila asubuhi, na wakati huo sahani zimejaa, anachagua kwa nafasi.

Mwambie mpakuaji "tak mahu pedas", hataki kali. Halafu usitegemee neno hilo peke yake, maana kisicho kali kwao chaweza kumuwakia yeye. Kuku wa kukaanga bila mchuzi, kabichi, kipande cha papadom, yaani kile chapati chembamba kikavu cha dengu, na dalcha, ambayo ni dengu laini zilizopikwa na mboga. Ile haina ukali mwingi na inalainisha wali. Michuzi yote myekundu mwache aitazame kwa macho. Chai ya kuvutwa ina maziwa matamu mengi. Mimi ningemwagizia maji moto.

Na mnawishe mkono kwenye beseni la ukutani kabla hujamkalisha, akishakaa hatataka kuinuka.

Gombak_mpaka_KL

Mimi simo kwenye hilo la mchanganyiko. Niko Kuala Lumpur, nimekula sana, na naona samaki aliyepikwa vizuri hupotea akizamishwa ndani ya mchuzi wa kuku. Kuna njia ya katikati: sema "kuah sikit", mchuzi kidogo, kisha taja mmoja tu. Kwa kichwa cha samaki daima uwe mchuzi wake chenyewe, usichanganywe.

Huko kwenu George Town, barabara ya msikiti wa Kapitan Keling, kuna sehemu inaitwa Beratur, na beratur ni kupanga foleni, imepata jina kwa foleni yake ya usiku. Nenda peke yako, mama mwache alale.

Mpemba_wa_Butterworth

Kwa kichwa cha samaki nakubaliana nawe sheikh. Kwa kuku hapana, hapo hatukubaliani.

mtoto_wa_Pangani

Nimerudi kuwashukuru. Mama alifika Jumapili, jana saa nne nikampeleka. Nilimuuliza mpakuaji bei ya kila kipande, akanijibu bila tabu, hata akanionyesha wa jana ni yupi na wa leo ni yupi kati ya samaki. Ngisi nilimwacha.

Mama alipewa kuku, kabichi na dalcha, na mchuzi wa samaki kidogo kwenye kibakuli. Mimi nikasema campur kwa hiari yangu. Aliitazama sahani yangu kwa muda bila kusema kitu. Alipomaliza nusu ya wake, akanyoosha mkono akachukua tonge moja upande wangu, pale mchuzi wa samaki ulipokutana na ule mweusi. Akatafuna taratibu. Akachukua la pili. Nilimzuia kwa sababu ya tumbo, akasema haliungui.

Tumelipa ringgit 27 wawili, na vinywaji ndani. Usiku alilala salama, alhamdulillah.

Leo asubuhi anataka kujua ule mchuzi wa samaki wanaweka ukwaju mwanzo pamoja na vitunguu au mwisho samaki akishaiva. Anasema mwisho, mimi sijui. Bi Likoni, au yeyote anayeupika?