Mjadala: Je, ni sawa kanisa kongwe la Leiden kukodishwa kwa mikutano ya kampuni?

Mtafuta Kumbi:
Wakuu, salaam. Nipo Uholanzi na mkate wangu ni kutafuta kumbi za mikutano ya ofisi. Juzi tulibishana kazini mpaka chai ikapoa, nikaona nilete hapa.

Leiden ni mji mdogo wa mifereji, kama dakika 20 kwa treni kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol. Chuo kikuu chake ndicho kikongwe kuliko vyote Uholanzi, kilianzishwa 1575, miezi michache tu baada ya mji kuokoka kuzingirwa na jeshi la Hispania. Katikati ya mji lipo Pieterskerk, kanisa ambalo tangu 1971 si nyumba ya ibada tena. Leo ukiwa na fedha unalikodi: kongamano, maonyesho, hata karamu ya kampuni. Chini ya sakafu kuna makaburi. Humo alizikwa 1625 John Robinson, mchungaji wa wale Waingereza waliokimbilia Leiden na baadhi yao wakaondoka 1620 kwenda Marekani. Juu yake wahudumu wanapita na sinia za mvinyo.

Wenzangu wanaita kufuru. Mimi nasema kodi hiyo ndiyo inayozuia paa lisivuje. Mnara wa kanisa hilo ulianguka 1512 na haukujengwa tena hadi leo. Jengo la ukubwa ule likikosa mtu wa kulilipia, halisubiri.

Ninachokipinga ni tamaa ya kuvuta makongamano makubwa. Mwenye wageni 3,000 aende kwenye kumbi kubwa, RAI ya Amsterdam au Jaarbeurs ya Utrecht. Leiden lori la jukwaa na taa halina pa kugeuzia, na vyumba vya hoteli vikijaa wageni wako watalala The Hague. Watu 80 ndiyo saizi yake: asubuhi vikao, mchana mnanyoosha miguu Hortus, bustani ya mimea ya mwaka 1590, jioni mnakula. Chuo chenyewe kinalijua hilo. Kituo chake cha Lorentz huita wanasayansi wachache kwa warsha za siku kadhaa na kuwaachia nafasi kubwa ya kuongea. Mazungumzo ya maana hutoka hapo, si kwenye slaidi ya 46.

(Na msipange chochote tarehe 3 Oktoba. Mji mzima uko barabarani unasherehekea kuokoka kwake kwa samaki wa heringi na mkate mweupe.)

Mnasemaje?

Binti Pangani:
Kaka, hizo sinia nimezibeba mimi nikiwa mwanafunzi huko. Kufuru sikuiona. Nilichokiona ni nyumba nzuri za kando ya mfereji zikigeuzwa hoteli na vyumba vya vikao, huku mimi nikilala kwenye kochi la rafiki wiki sita kwa kukosa chumba. Kila mgeni wa siku mbili unayemleta anataka kitanda. Hesabu yako ya paa la kanisa umeipiga, ya vitanda umeiruka.

Mzee wa Gerezani:
Makaburi ni makaburi, mwanangu. Kwetu huvuti kiti ukakaa juu ya kaburi la mtu ukaagiza kinywaji. Basi wangefanya makumbusho.

Mtafuta Kumbi:
Shikamoo mzee. Lakini huko waumini wenyewe walizikwa ndani ya kanisa, chini ya sakafu, na walio hai wakakanyaga juu yao kila Jumapili. Desturi yao ndiyo hiyo. Mvinyo nakubali ni jambo jingine. Dada, kwenye vitanda umenibana, sina jibu.

Msomi Asiye na Viza:
Mnagombea paa, wengine hata mlango hatuuoni. Kila Agosti ikielekea ukingoni Leiden kuna kongamano la lugha za Kiafrika. Kiswahili kinachambuliwa kando ya mfereji, na mzawa wa Kiswahili yuko Dar anasubiri pasipoti yake irudi. Ada ya viza ya Schengen ilipanda Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi 90, na ukikataliwa hurudishiwi. Mimi nilikataliwa siku tatu kabla ya safari, mada yangu ikasomwa na mtu mwingine aliyekosea kutamka jina langu.

Mtafuta Kumbi:
Pole sana mkuu. Sisi barua za mwaliko tulikuwa tunazituma wiki sita kabla. Kesho nazungumza na bosi ziwe miezi minne.

Binti Pangani:
Na kitanda?

Mtafuta Kumbi:
Na kitanda, dada. Wageni wangu watalala The Hague.