Simbilisi wawili, banda la ukubwa gani? Fundi ananiambia ghorofa, naombeni ushauri

MamaNeema_Tabata
Habari zenu wakuu. Wanangu wameletewa simbilisi wawili (guinea pig) na shangazi yao kutoka Njombe. Hawa si wa kitoweo, wameshapewa majina na kila jioni lazima wabebwe. Kwa sasa wanalala kwenye boksi na wameanza kulitafuna. Fundi wa mabanda ya kuku amenichorea banda la sm 60 kwa 45, ghorofa mbili na ngazi, sakafu yote wavu ili mavi yadondoke chini. Anasema humo wanakaa hata wanne. Bei naimudu, ila nikiona wanavyokimbia sebuleni tukiwaachia, moyo unakataa. Mnaowajua, wanahitaji nafasi kiasi gani?

Mkulima_Mdogo
Dada, msimamishe huyo fundi kabla hajakata mbao. Simbilisi ni mnyama wa chini. Hapandi kama panya, na akidondoka toka juu anaumia vibaya. Hesabu sakafu ya chini peke yake, ghorofa usiihesabu. Kwa wawili anzia sm 120 kwa 60, na ukipata 150 kwa 60 ni bora zaidi. Wanataka urefu wa kunyoosha mbio, halafu siku wakigombana mnyonge lazima apate pa kukimbilia. Kwenye 60 kwa 45 anabanwa kona anang'atwa.
Na wavu chini hapana! Nyayo zao hazina manyoya, zinachubuka na kuota vidonda. Weka ubao, juu yake maranda mengi. Maranda, siyo unga wa mbao, maana vumbi lake linawaharibu mapafu.

Kaka_wa_Makambako
Mimi nimekulia nao. Kwetu simbilisi hawana banda, wanazunguka jiko zima, wanalala chini ya kichanja cha kuni, bibi akimenya viazi wanakuja kuokota maganda. Ndiyo maana hutasikia mtu kule akiuliza vipimo. Ukimtoa kwenye jiko la namna hiyo ukamweka kwenye kasha, umemnyang'anya karibu kila kitu. Kwa hiyo naunga mkono banda refu, na ile kuwaachia sebuleni jioni iendelee.

MamaNeema_Tabata
Asanteni sana. Baraza langu lina nafasi ya mita moja na nusu ukutani, kwa hiyo 150 kwa 60 inaingia. Ila jua la mchana linapiga pale. Na je, nifunike juu?

DaktariMifugo_Moro
Jua hilo ni hatari kuliko udogo wa banda. Joto likipita nyuzi 27 hivi simbilisi anaanza kutaabika, na Dar linapita sana. Banda likipigwa jua la saa nane anaweza kufa siku hiyohiyo. Tafuta ukuta wenye kivuli kutwa nzima na upepo unaopita, na siku za joto kali waingize ndani sakafuni. Maji yasikosekane. Juu funika kwa wavu mgumu wa matundu madogo, kwa ajili ya paka na nyoka. Kimo cha sm 45 kinatosha. Weka vijumba viwili vya kujificha, kila kimoja kiwe na milango miwili, ili mmoja asimzibie mwenzake.
Sasa swali langu: ni dume na jike, au jinsia moja? Usipojua hilo, kipimo chochote hakitakusaidia. Mimba yao ni kama miezi miwili, watoto wanazaliwa macho wazi wakikimbia, na mama anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kuzaa.

MamaNeema_Tabata
Shangazi mtu anasema wote majike, lakini hana hakika.

DaktariMifugo_Moro
Wapeleke kwa mtaalamu wa mifugo awakague kabla banda halijaisha. Wakiwa majike wote, wawili wanakaa vizuri. Wala usimtenganishe mmoja, akiwa peke yake anadhoofika. Akipatikana dume, fundi aweke kizuizi cha wavu katikati kinachochomoka, kila upande uwe na maji na nyasi zake, huku mkitafuta mwenzake wa kila mmoja.
Chakula: nyasi muda wote, na kila siku kipande cha pilipili hoho au pera. Kama sisi binadamu, mwili wao hautengenezi vitamini C, na wakiikosa viungo vinavimba.

Mkulima_Mdogo
Kuhusu gharama, mwambie fundi atumie mbao za paleti, azipige randa vizuri zisiwe na vibanzi, asipake rangi ndani kwa sababu watazitafuna. Upande wa mbele uwe mlango mrefu wa kufunguka wote, ili watoto wafagie wenyewe. Mkojo usipoondolewa, ile harufu kali inawapa mafua.

MamaNeema_Tabata
Nimeongea na fundi. Ghorofa imeondoka, ni 150 kwa 60, sakafu ya ubao, ukuta wa nyuma wenye kivuli. Jumamosi nawapeleka kukaguliwa, nitawaletea majibu hapa.