Link ya 5 GHz inayumba usiku: kubadili chaneli, dishi kubwa au kuhamia 60 GHz?

mzee_wa_nguzo
Wakuu, nilinganishieni. Link (intaneti ya redio, bila waya) ya mteja kwenda mnarani, kilomita 2.4, kati ya Goba na Mbezi Juu, Dar, antena zinaonana bila kizuizi. Kwa mteja dishi la 23 dBi (nguvu ya antena kwa desibeli), mnarani sekta (antena pana ya wateja wengi) ya 16 dBi inayorusha 20 dBm (nguvu ya redio), chaneli ya upana wa 80 MHz. Mawimbi yanayofika −63 dBm, kelele −80 dBm. Asubuhi shwari, ikifika saa 2 usiku pakiti zinapotea. Njia zilizopo: (a) kubadili chaneli, (b) dishi kubwa, (c) 60 GHz.

masafa_tu
Una uhakika ni mwingiliano? Saa 2 usiku ndiyo saa ya kila mtu kuangalia video. Piga ping (kipimo cha muda wa kwenda na kurudi) mbili kwa pamoja: moja kwa redio ya mnarani, nyingine 8.8.8.8, seva ya Google huko nje. Ya mnarani ikitulia kwenye milisekunde 5 huku ya nje ikipanda 200, redio hazina kosa. Njia ya kutoka mnarani ndiyo imejaa, na dishi lolote utakalonunua ni hela ya bure. Zikiyumba zote, tatizo liko kati ya paa na mnara.

kidishi
Halafu jua ni upande gani unaumia. Kelele humsumbua anayesikiliza, si anayeongea. Kushusha (download) kukiwa kubaya, kelele iko kwa mteja. Kupandisha (upload) kukiwa kubaya, iko mnarani, na chaneli uliyoiona safi juu ya paa la mteja haikusaidii kitu. Changanua masafa pande zote mbili, usiku huohuo, si asubuhi. Redio nyingi hukata link zikichanganua, kwa hiyo mwambie mteja mapema.

Mimi ningeanza na (a), ila upana kabla ya namba ya chaneli. Toka 80 shuka 20 MHz. Kila ukigawa upana kwa mbili, kelele inashuka desibeli 3, kwa hiyo −80 inakuwa kama −86, na hapo hujahesabu majirani uliowakwepa. Tofauti yako ya mawimbi na kelele inatoka 17 kwenda 23. 17 inakubakiza 16-QAM, 23 inabeba 64-QAM (namna ya kupakia data, namba kubwa hubeba zaidi). Mwendo wa juu unapungua kweli, lakini mteja wa kifurushi cha Mbps 20 hataona.

mzee_wa_nguzo
Sekta ina wateja wengine 14, mkuu. Nikishusha hadi 20 MHz wote watabanana.

kidishi
Basi jaribu 40. Na usiogope chaneli za 5500 MHz kwenda juu. Mara nyingi ziko wazi kwa sababu watu hawana subira. Redio lazima isikilize rada dakika 1 kabla ya kurusha, na kati ya 5600 na 5650 inaweza kufika dakika 10. Mafundi wanadhani imekufa, wanaizima.

antena_na_kamba
Kabla ya (b) piga hesabu. Kilomita 2.4 kwa 5.8 GHz hupoteza takriban desibeli 115. 20 + 16 + 23 − 115 = −56. Wewe una −63, maana yake desibeli 7 zimepotelea mahali, na dishi kubwa linakuongezea 2 au 3 tu. Legeza bolti, zungusha dishi kidogo kidogo, kila hatua subiri sekunde chache namba itulie. Usikubali kilele cha kwanza: pita hadi mawimbi yashuke, yapande tena, ndipo uchague kilele kikubwa. Likigoma, angalia miti: katikati ya njia eneo la Fresnel (nafasi inayozunguka mstari wa mawimbi) lina nusu-kipenyo cha mita 5.6, na angalau mita 3.3 ziwe wazi. Mwembe unaoonekana "uko chini ya mstari" bado unakula mawimbi.

Na kama kelele inatoka nyuma, shusha dishi chini ya kilele cha paa ili nyumba iikinge, mradi mbele pabaki wazi.

masafa_tu
(c) kwa umbali huo sishauri. Kwenye 60 GHz oksijeni peke yake hula kama desibeli 15 kwa kilomita, kwako 36, kisha ije mvua ya masika. Chini ya mita 800 ningesema nunua leo.

antena_na_kamba
Nimesahau kebo. Mlingoti wa FM ukiwa karibu, kebo isiyo na kinga hudaka mawimbi na poti ya kebo inashuka toka Mbps 1000 hadi 100 au 10. Dalili: kelele kwenye redio haijabadilika, ila hesabu ya makosa ya poti inapanda. Dawa ni kebo yenye kinga, plagi za chuma, na waya wa ardhi.